Kutoka Hsinchu hadi Kayole: Nani Hukagua Kiendeshi cha Makatizo?

Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa katika maduka ya jumla ya Eastleigh na vibanda vya Kayole, zikiwemo za Tecno, itel na Infinix, huendeshwa na prosesa za MediaTek ya Hsinchu, Taiwani, au za Unisoc ya Shanghai. Juu ya prosesa hiyo kuna Android, na chini ya Android kuna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu, muda na vifaa. Ndani ya kerneli mna faili ndogo, pengine ya mistari mia mbili na ushei, ambayo ikikosewa mahali pamoja tu, simu inakwama kwenye nembo wakati wa kuwaka, au skrini inakataa mguso, au simu inalala isiamke, au inakataa kulala na kumaliza chaji ikiwa mfukoni. Faili hiyo ni kiendeshi cha kidhibiti cha makatizo.

Mwenye simu hajui kama ipo. Fundi naye akiletewa simu yenye dalili hizo hushuku kioo, betri au tundu la chaji, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobadilishika mezani pake. Kwa hiyo kosa la msimbo hulipiwa kama kosa la maunzi, na anayelipa ni mteja. Hapo ndipo penye swali la makala hii: nani hukagua faili hiyo kabla haijafika Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hukaguliwa vipi, na ukaguzi ukipungua mzigo humwangukia nani?

Kazi ya kidhibiti

Prosesa ina njia mbili za kujua kwamba kifaa kina habari. Ya kwanza ni kuzunguka ikiuliza kila kifaa, kazi inayokula chaji bure. Ya pili ni kuendelea na shughuli zake hadi kifaa kiikatize. Makatizo yakiwa mengi, lazima awepo wa kuyapanga. Abiria wa matatu ya Buruburu hamsemeshi dereva. Humwambia makanga, makanga akagonga bodi, dereva akasimama, na abiria akishashuka makanga hugonga tena gari liondoke. Kidhibiti cha makatizo ndicho makanga wa prosesa, na kiendeshi ni maagizo anayofuata. Akisahau kugonga mara ya pili, gari halitoki stejini.

Kazi hii ni ya zamani. Intel ilitoa kidhibiti chake cha 8259 katika miaka ya 1970, kikiwa na laini nane, na IBM ikakitumia katika kompyuta yake binafsi ya mwaka 1981. Kibodi ilipewa laini namba 1. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Nairobi leo bado zimeweka kibodi kwenye laini hiyohiyo. Mwenye laptopu ya Linux anaweza kuona kwa macho yake: afungue faili ya /proc/interrupts, atafute mstari wenye jina i8042, abonyeze kitufe chochote kisha aisome faili upya. Hesabu itakuwa imepanda. Kila safu wima ya tarakimu ni kori moja, yaani kitengo kimoja cha prosesa kinachotekeleza maagizo, na kila mstari ni laini moja ya katizo.

Kwenye simu mambo ni mapana zaidi. Prosesa nyingi za simu hufuata muundo wa Arm, ambao una kidhibiti chake kiitwacho GIC. Humo namba 0 hadi 15 ni za kori kuitana zenyewe kwa zenyewe, 16 hadi 31 ni za vifaa vya kori moja moja, kama saa yake, na 32 hadi 1019 ni za vifaa vinavyotumiwa na kori zote. Namba 1023 ina maana ya pekee: prosesa iliitwa, ikaja, ikakuta hakuna anayeita. Kiendeshi kisichoitambua namba hiyo kitaenda kumtafuta mwenye katizo ambaye hayupo.

Maswali ya mkaguzi

Mkaguzi wa programu ya kawaida huuliza kama jibu ni sahihi. Mkaguzi wa kiendeshi cha makatizo huuliza kwanza kuhusu mpangilio: kipi kinatangulia kipi, na nini kinaweza kujipenyeza katikati. Maswali yake ya msingi ni manne.

La kwanza ni aina ya katizo. Kuna katizo la kiwango, ambalo kifaa hushikilia laini juu hadi kihudumiwe, na kuna katizo la ukingo, ambalo kifaa hutuma mdundo mmoja kikanyamaza. La kiwango lazima lizibwe hadi kifaa kihudumiwe, kwani likifunguliwa mapema litalia tena na tena bila kikomo. La ukingo ni kinyume chake: lazima kidhibiti kikiri kulipokea kabla ya huduma kuanza, ili mdundo mpya ukija katikati ya huduma uhesabiwe upya. Kiendeshi kikikiri mwishoni, mdundo wa pili unafutwa pamoja na wa kwanza, na kifaa kinangoja huduma ambayo haitakuja kamwe. Kosa la kwanza huleta gharika ya makatizo, la pili huleta ukimya. Gharika ina afadhali, maana Linux yenyewe huihesabu: katika makatizo 100,000 ya laini moja, zaidi ya 99,900 yakikosa mwenyewe, kerneli hufunga laini hiyo na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Ukimya hauandikwi popote.

La pili ni namna ya kuandika kwenye rejista za kidhibiti, yaani vihifadhi vidogo ambamo prosesa huandika maagizo yake. GIC ina rejista moja ya kufungua laini na nyingine ya kuifunga, hivyo kori moja ikiandika haigusi laini ya mwenzake. Vidhibiti vingine vina rejista moja kwa shughuli zote mbili. Hapo kiendeshi husoma neno zima la biti 32, hubadilisha biti moja, kisha hurudisha neno lote. Kori mbili zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, moja inafuta kazi ya nyingine. Dawa yake ni kufuli, linaloruhusu kori moja tu kwa wakati mmoja, na kufuli huzaa swali la tatu: ni la aina gani, na linashikwa wakati nani mwingine ameshashika lipi?

La nne ni usingizi. Simu ikizima skrini hujaribu kuzima kila kitu kinachozimika, hata GIC yenyewe. MediaTek ina kidhibiti cha ziada kiitwacho CIRQ kinachokaa nje ya eneo linalozimwa. Prosesa ikiwa imelala, CIRQ huyarekodi makatizo ya ukingo, na ikiamka huyarusha upya kuelekea GIC. Mama mboga wa soko la Mutindwa huwa ameweka simu kwenye aproni akisubiri ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa mteja aliyesimama mbele yake. Prosesa hulala sana katika subira kama hiyo. Mkaguzi wa kiendeshi cha aina hii hufuata mistari kumi na mitano hivi kwa kidole: nani anaanza kurekodi, nani anazima, na katizo likiingia baina ya hatua hizo mbili linakwenda wapi.

Faili moja kwa karibu

Mfano mzuri wa kusoma ni irq-mtk-sysirq.c, kiendeshi kilichoandikwa na MediaTek mwaka 2014 na kukubaliwa katika Linux rasmi. Tatizo linalotatuliwa ni dogo. Kwa makatizo ya namba 32 na kuendelea, GIC hukubali aina mbili tu: kiwango cha juu na ukingo wa kupanda. Kuna vifaa vinavyoita kwa kushusha laini badala ya kuipandisha. MediaTek ikaweka kati ya vifaa hivyo na GIC saketi inayopindua ishara, na kila laini ina biti yake: biti ikiwa moja, ishara inapinduliwa.

Shughuli kuu ya kiendeshi hicho hufanyika hivi. Kinapokea namba ya laini na aina ya katizo inayotakiwa. Kinashika kufuli. Kinasoma neno lenye biti ya laini hiyo. Aina ikiwa kiwango cha chini au ukingo wa kushuka, kinaweka biti, kisha kinabadilisha jina la aina liwe la juu au la kupanda. La sivyo, kinafuta biti. Kinaandika neno, kinaipitisha aina kwa GIC iliyo juu yake, kinaachia kufuli.

Mkaguzi makini hupata maswali matatu hapo. Je, jina la aina limebadilishwa kabla ya kupitishwa juu? Lisipobadilishwa, GIC italikataa na kifaa hakitawaka. Je, biti inafutwa pale ambapo haihitajiki, au msimbo unadhani tayari ni sifuri? Programu inayowasha simu kabla ya kerneli inaweza kuwa iliiacha ikiwa moja, na dhana hiyo ingefanya kazi kwenye bodi ya mwandishi na kufeli kwingine. Na kufuli je?

Kiendeshi kilijibu vyema maswali mawili ya kwanza. Kwenye la tatu palikuwa na kasoro. Kilitumia spinloki ya kawaida, yaani kufuli ambalo kori huling'ang'ania ikizunguka hadi liachiwe, ilhali hatua yenyewe huitwa wakati kerneli tayari imeshika spinloki ghafi. Katika kerneli ya kawaida hizo mbili zinatenda sawa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Lakini katika Linux ya kazi zenye muda maalumu, inayojulikana kama PREEMPT_RT, spinloki ya kawaida hugeuka kuwa kufuli linaloweza kulala, na kulala ukiwa umeshika spinloki ghafi ni marufuku. Kasoro hiyo ilipita kwa wakaguzi wa 2014, ikakaa hadi 2020, na iliyoibainisha ni zana ya kerneli inayofuatilia mpangilio wa makufuli, si jicho la mtu. Marekebisho yenyewe yalikuwa kubadilisha aina ya kufuli. PREEMPT_RT ilikamilika kuingia katika Linux rasmi kwenye toleo la 6.12, Novemba 2024, na makosa ya aina hii yalilazimika kusafishwa kiendeshi kimoja baada ya kingine.

Mwaka huohuo wa 2020 faili hiyohiyo ilitoa somo la pili. Kulikubaliwa kiraka, yaani badiliko la msimbo linalotumwa likaguliwe, kilichobadilisha namna kiendeshi kinavyoanzishwa, kwa lengo la kukiwezesha kupakiwa kando kama moduli. Wakaguzi walikisoma, hawakuona ubaya. Mtu mmoja mwenye bodi ya Banana Pi R2, yenye prosesa ya MediaTek MT7623, akakijaribu na bodi yake ikakwama kuwaka. Kidhibiti kilikuwa sasa kinaamka kwa wakati tofauti na ule ambao vifaa vya bodi hiyo vilitegemea. Kiraka kikaondolewa.

Kosa la kwanza lilihitaji zana, la pili lilihitaji bodi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopatikana kwa kusoma peke yake, ingawa waliosoma walikuwa mabingwa.

Wakaguzi wenyewe

Viendeshi hivi vina saraka yao katika kerneli, na kwa miaka mingi majina mawili yamesimama mlangoni hapo: Thomas Gleixner, ambaye mwaka 2006 pamoja na Ingo Molnar walijenga upya mfumo wa pamoja wa makatizo ya Linux, na Marc Zyngier, aliyeisimamia saraka hiyo na viendeshi vya GIC kwa muda mrefu. Kiraka hutumwa hadharani, hujibiwa hadharani, na anayekipitisha huweka jina lake chini yake kama mkaguzi au kama mjaribu. Majina hayo hubaki katika historia ya kerneli. Kiraka kikija kuharibu, kila mtu anaona nani alikipitisha.

Wakaguzi ni wachache na vidhibiti ni vingi, kwa maana kila kampuni ya chipu hupenda kuongeza chake. Tena hawana vitabu vyote. Mwongozo wa GIC hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Arm. Miongozo ya chipu za simu kwa kawaida hutolewa kwa mkataba wa siri. Mkaguzi akiuliza kwa nini rejista fulani inaandikwa mara mbili, hulazimika kumwamini mhandisi wa kampuni. Hapo ukaguzi unageuka kuwa imani.

Na huo ndio upande wenye nuru. Sehemu kubwa ya msimbo wa vifaa katika simu ya bei ya chini haikupitia saraka hiyo kamwe. Kampuni ya chipu huchukua kerneli ya mwaka fulani, huongeza viendeshi vyake, huikabidhi kampuni ya simu, na kampuni ya simu huongeza vyake. Ushindani ni wa kufika sokoni mapema kwa bei nafuu. Muda wa kujibu mkaguzi mkali anayerudisha kiraka mara tano haumo katika ratiba hiyo. Google imejaribu kuubana mwenendo huu: kuanzia Android 12, simu mpya zenye kerneli ya 5.10 na kuendelea hutakiwa kutumia kiini kimoja kilichotengenezwa na Google, na viendeshi vya kampuni vikae kando kama moduli. Hatua hiyo imelinda kiini, lakini msimbo usiokaguliwa hadharani haujatoweka, umehamia kwenye moduli.

Mnunuzi wa simu ya shilingi elfu saba huyaona matokeo kwa namna moja: masasisho hayaji, au huja machache. Kiendeshi kilichomo katika Linux rasmi hurekebishwa pamoja na kerneli nzima, kama kufuli la 2020 lilivyorekebishwa. Kiendeshi cha kando humngoja mwenyewe, na mwenyewe ameshahamia chipu ya mwaka huu. Mwendesha bodaboda anayelipia simu yake kidogo kidogo kila siku anaweza kumaliza kuilipia wakati ambapo hakuna mtu anayeutunza msimbo wake.

Dawa zinazopendekezwa

Wapo wanaosema tuache kutegemea macho ya watu. Kerneli ya seL4 ilithibitishwa kihisabati mwaka 2009 nchini Australia, kwamba msimbo wake wa C unatenda kile ambacho maelezo yake yanasema. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini uthibitisho wa namna hiyo hudhani kwamba maunzi yanafuata mwongozo, na kerneli yenyewe ni ya mistari elfu chache. Linux ina mamilioni, na chipu haifuati mwongozo siku zote.

Wengine wanaelekeza kwenye lugha ya Rust, iliyopokelewa katika Linux toleo la 6.1 mwishoni mwa 2022. Rust huzuia makosa mengi ya kumbukumbu na inaweza kumlazimisha mwandishi ashike kufuli kabla ya kugusa data. Haiwezi kumwambia kama katizo la ukingo lilipaswa kukiriwa kabla au baada ya huduma. Hilo ni jambo la chipu, halipo katika lugha.

Zana za kupima makufuli na kuchambua msimbo zimethibitisha thamani yake, na mwandishi asiyezitumia kabla ya kutuma kiraka anawapotezea wengine muda. Hata hivyo hizo hunasa makosa ya aina zinazojulikana. Aliyenasa kosa la MT7623 alikuwa mtu, na alichokuwa nacho ni kifaa chenyewe.

Nafasi ya Eastlands

Hapa ndipo mitaa ya mashariki ya Nairobi inapoingia katika mjadala kwa haki yake, si kama soko tu. Kitu adimu katika ukaguzi huu ni kujaribu kwenye maunzi mengi tofauti, hasa ya bei ya chini na ya zamani. Mhandisi wa Ulaya ana bodi tatu nzuri. Fundi wa Donholm au Umoja ana droo iliyojaa bodi za simu ambazo wahandisi wengi hawajawahi kuziona. Ruta zilizotupwa na wapangaji wa maghorofa ya Pipeline zipo, na baadhi yake zinakubali OpenWrt, mfumo wa wazi unaojengwa juu ya Linux. Upande wa Embakasi kuna kituo cha WEEE kinachopokea taka za kielektroniki. Malighafi ya kujaribia haikosekani.

Linalokosekana ni daraja kati ya fundi anayeijua bodi na mwanafunzi anayeujua msimbo. Vyuo vingi vinafundisha programu za simu na tovuti, kwa sababu huko ndiko ajira zinakotangazwa. Mfumo endeshi husomwa kwa mtihani. Lakini kuanza hakuhitaji maabara ya fedha nyingi. Programu ya QEMU huigiza kompyuta ya Arm pamoja na GIC yake ndani ya laptopu ya kawaida, na mwanafunzi anaweza kuharibu kiendeshi kwa makusudi, akaona gharika na ukimya kwa macho yake. Baada ya hapo ruta kuukuu yenye waya tatu za kusomea ujumbe wa kuwaka inatosha kumpa somo ambalo mwigo hauwezi kumpa. Chuo kama Eastlands College of Technology, kilichopo mitaa hiyohiyo na kinachofundisha ufundi kwa mikono, kina kila sababu ya kuifanya kazi hii kuwa sehemu ya mafunzo.

Ripoti moja iliyoandikwa vizuri, yenye jina la bodi, toleo la kerneli na ujumbe wa mwisho kabla ya kukwama, ina uzito zaidi mbele ya watunzaji wa kerneli kuliko sifa za aliyeiandika. Wao hawaulizi shahada. Wanauliza kama tatizo linaweza kurudiwa.

Hukumu ya uchambuzi huu, basi, ni kwamba ukaguzi wa hadharani, pamoja na upungufu wake wote, ndio uliopata makosa yote mawili ya 2020 na kuyarekebisha, wakati msimbo wa kando mara nyingi hauna mahali pa hadharani pa kuyaripoti. Wabunge na wadhibiti wa mawasiliano wanaozungumzia ubora wa simu zinazoingizwa nchini wana swali moja la kumuuliza muuzaji: viendeshi vya simu hii viko wapi, na nani atavitunza kwa miaka mingapi? Leseni ya Linux inamtaka anayesambaza kerneli atoe msimbo wake, kwa hiyo swali hilo lina msingi. Nawe msomaji unayejua C kidogo, tafuta irq-mtk-sysirq.c. Haifiki mistari mia tatu. Isome ukiuliza katika kila mstari: kori nyingine ikifika hapa sasa hivi, itakuta nini?